Sheria Huhesabu Risasi, Mchezo Hupima Milimita

Kila mashindano makubwa ya kulenga shabaha kwa vitendo yana kituo kimoja ambacho mshindani hapati alama yoyote, ila anaweza kuzipoteza zote. Mwamuzi huchukua risasi nane kutoka kwenye magazini za mshindani bila kumwacha achague. Moja huvunjwa, kichwa chake kikawekwa kwenye mizani. Tatu hufyatuliwa juu ya kronografu, chombo cha kupima mwendo wa risasi. Uzito wa kichwa kwa greini huzidishwa na wastani wa mwendo kwa futi kwa sekunde, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000. Hicho ndicho kipimo cha nguvu. (Greini 7,000 ni ratili moja, wanaopenda gramu wahesabu kwamba greini moja ni takriban gramu 0.065.)

Katika chama cha Marekani cha USPSA, kilichoanzishwa mwaka 1984, anayefikisha 165 huhesabiwa nguvu kubwa, na kuanzia 125 ni nguvu ndogo. Anayeshuka chini ya 125, risasi zinazobaki zikishindwa kumwokoa, huruhusiwa kumaliza mashindano lakini alama zake hazihesabiwi. Amelipa nauli, hoteli na kiingilio, na jina lake linabaki mkiani.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Jibu linaanzia Columbia, jimbo la Missouri, mwaka 1976, ilipoundwa IPSC, shirikisho la dunia la mchezo huu, rais wake wa kwanza akiwa Jeff Cooper. Cooper alitaka mambo matatu yaende pamoja: usahihi, nguvu na kasi. Usingewekwa ulinzi wa nguvu, kila mtu angekuja na risasi dhaifu isiyopiga teke, na mchezo ungekuwa mashindano ya vidole vyepesi. Kwa hiyo nguvu inalipwa. Kitovu cha shabaha kina alama 5 kwa wote. Eneo linalofuata, C, lina alama 4 kwa mwenye nguvu kubwa na 3 kwa mwenye ndogo. Eneo la nje, D, ni 2 kwa 1. Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde alizotumia mlengaji, na matokeo yake hulinganishwa na ya washindani wenzake.

Chukua kituo kirefu cha risasi 32, ambacho ndicho kikomo cha kanuni. Alama zote ni 160. Anayezipata kwa sekunde 20 ana 8. Akipoteza sekunde moja tu kwa kubadilisha magazini amesimama, anashuka hadi 7.62. Sasa tuseme risasi kumi zimeangukia C. Mwenye nguvu kubwa ana alama 150, mwenye ndogo 140; kwa sekunde zilezile 20, wa kwanza ana 7.5 na wa pili 7. Mchezo mzima umo katika hesabu hizi mbili: nguvu hununua msamaha wa makosa madogo, na wingi wa risasi kwenye magazini hununua sekunde.

Hapo ndipo watu wanapoanza kujaza risasi wenyewe. Wengi hudhani ni kubana matumizi, na kweli akiba ipo, kwa kuwa ganda la shaba hutumika tena na tena. Lakini mlengaji makini hujaza kwa sababu risasi ya dukani haikutengenezwa kwa ajili ya kronografu ya mashindano. Risasi ya kawaida ya milimita 9 yenye kichwa cha greini 124 ikienda futi 1,150 kwa sekunde ina kipimo cha 142. Mlengaji wa nguvu ndogo anahitaji 125 tu. Ziada yote hiyo ni teke analolipia bila faida. Akijaza mwenyewe na kushusha mwendo hadi 1,050, anapata 130. Mjuzi hakimbilii 125 kamili, maana baridi ya asubuhi au mtutu tofauti huweza kuiba futi kadhaa. Huacha nafasi ya alama nne au tano.

Kuna utamu zaidi. Kipimo cha 130 hupatikana kwa greini 115 kwenye futi 1,135, na pia kwa greini 147 kwenye futi 890. Kwenye karatasi ni sawa, mkononi si sawa. Gesi ya baruti nayo ina uzito, na hutoka mtutuni kwa kasi inayopita ile ya kichwa cha risasi, hivyo huongeza teke. Kichwa kizito kinahitaji baruti kidogo kufikia kipimo kilekile, ndiyo maana walengaji wengi wa nguvu ndogo huvipenda vile vya greini 147. Kwa washindani wa divisheni ya Open mambo hugeuka kabisa. Bastola zao zina kompensata mdomoni mwa mtutu, yenye matundu yanayoelekeza gesi juu ili mtutu usiinuke. Kompensata hula gesi, kwa hiyo wao hutafuta kichwa chepesi na baruti nyingi: greini 124 kwenye futi 1,350, kipimo cha 167. Risasi kama hiyo ya milimita 9 hupita shinikizo la kiwandani, na haifai kuingizwa kwenye bastola ya kawaida hata siku moja.

Mashine ya kujazia ina sahani inayozunguka, na walengaji wengi Marekani hutumia ya Dillon ya Arizona. Kila mkono unapovutwa, ganda moja hurudishwa umbo lake na kutolewa fataki iliyokwisha kulipuka, jingine huwekewa fataki mpya, jingine hupokea baruti, jingine hukalishiwa kichwa, na la mwisho hubanwa mdomo. Risasi moja kamili hudondoka kwenye bakuli. Kasi hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mvuto ukikatizwa nusu, ganda huweza kupokea baruti mara mbili, na bastola ikapasuka. Au lisipokee kabisa: fataki peke yake husukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama, na risasi inayofuata ikagonga hapo. Ndiyo maana mwamuzi akisikia mlio mfu hupaza sauti ya kusimamisha papo hapo, hata kama mshindani anaamini bastola yake ni nzima. Kiasi cha baruti hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, si kwa rafiki. Simjui mjazaji wa kweli anayechoka kutazama ndani ya kila ganda kabla ya kukalisha kichwa.

Marekani, anayejaza kwa matumizi yake hahitaji leseni ya serikali kuu. Anayejaza kwa kuuza anaihitaji. Uhuru huo ulionekana mwembamba mwaka 2020, fataki zilipoadimika madukani. Mashine zilikuwepo, maganda yalikuwepo, baruti ilikuwepo, na bila kile kikombe kidogo cha chuma hakuna risasi.

Tuje kwenye magazini. Mchezo ulianza na bastola ya 1911 ya .45, iliyobeba risasi saba kwenye magazini yenye safu moja. Ray Chapman aliyetwaa ubingwa wa kwanza wa dunia, Zürich mwaka 1975, alitoka katika enzi hiyo. Baadaye .38 Super ikaingia, ikitoa gesi nzuri kwa kompensata na risasi mbili tatu za ziada. Kisha yakaja magazini ya safu mbili kwenye umbo lilelile la 1911, na ushindani wa wingi ukafunguka. Vilengeo vya nukta nyekundu vilifika karibu wakati huohuo. Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia wa 1990, Adelaide, akiwa na kilengeo cha aina hiyo.

USPSA ililazimika kuweka mpaka, na ikauweka kwa rula. Magazini ya Open isizidi milimita 171.25, ya divisheni ya Limited isizidi 141.25. Ndani ya urefu huo, fanya ujanja wako. Mafundi wakabadilisha springi, wakapunguza kisukuma risasi, wakachonga vitako vipya, hadi magazini ya Limited ikabeba risasi 20 za .40 na ya Open ikafika takriban 29 za milimita 9. Kwenye kituo cha risasi 32, mtu wa Open hubadilisha magazini mara moja, tena kwa ajili ya risasi chache za mwisho. Mwenye magazini ya 10, hata akianza na moja ya ziada kwenye chemba, hubadilisha mara tatu.

Bunge la Marekani halikutumia rula. Sheria iliyosainiwa na Rais Bill Clinton tarehe 13 Septemba 1994 ilipiga marufuku kutengenezea raia magazini mpya zinazozidi risasi 10, ila zilizokuwepo tayari ziliendelea kuwa halali. Matokeo yake kwenye mchezo yalikuwa mabaya kuliko marufuku kamili. Aliyekuwa na magazini za zamani alibaki na silaha kamili. Mgeni alipaswa kununua mtumba kwa bei ya kuumiza au kushindana akiwa na pungufu. Ushindi ukaanza kuning'inia kwenye tarehe uliyoingia mchezoni. Katika kipindi hicho USPSA ilianzisha divisheni ya Limited 10, ambamo kila mtu hujaza risasi kumi, awe na magazini ya zamani au mpya. IDPA, chama kingine cha Marekani kilichoanzishwa 1996, kilichukua njia hiyohiyo ya kuhesabu tangu mwanzo. Ndicho ambacho kanuni zake hufuatwa na walengaji wanaoshindana Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, Kenya.

Sheria ya 1994 ilikoma Septemba 2004. Majimbo yakabaki na zake: Colorado kikomo ni 15 tangu 2013, New Jersey ilishuka kutoka 15 hadi 10 mwaka 2018, Washington ilizuia uuzaji wa zaidi ya 10 mwaka 2022. California ndiyo funzo refu kuliko yote. Tangu Januari 2000 ni marufuku kuuza au kuingiza magazini ya zaidi ya risasi 10, na mwaka 2016 wapigakura waliongeza marufuku ya kumiliki. Tarehe 29 Machi 2019, Jaji Roger Benitez aliitengua sheria hiyo, na kwa wiki moja, hadi 5 Aprili, maduka yaliuza magazini kubwa kwa wananchi wa California kabla ya hukumu kusimamishwa. Rufaa ilikwenda na kurudi. Machi 2025 jopo la majaji 11 liliikubali sheria kwa kura saba dhidi ya nne. Fikiria foleni ya washindani kwenye uwanja mmoja wa California: yule aliyenunua kabla ya 2000, yule aliyebahatika wiki ile ya 2019, na kijana aliyeanza mwaka jana. Wana divisheni moja, ada moja, rula moja, na idadi tatu tofauti za bahati.

Kwa maoni yangu, mchezo unapaswa kuhesabu risasi zaidi ya unavyopima urefu. Divisheni ya Single Stack imeshaonyesha njia: mwenye nguvu kubwa hujaza risasi 8, mwenye ndogo 10. Nguvu na wingi vimewekwa kwenye mizani moja, na hakuna sheria ya jimbo lolote inayoivuruga. Production, iliyoanza kwa risasi 10, ilipopandishwa hadi 15 kufuata IPSC, wengi walifurahia vituo kwenda kasi. Mimi nilisikitika, maana divisheni ya bastola za kawaida, nyumba ya wanaoanza, ilimfungia mlango nusu mtu wa New York na wa California.

Nje ya Marekani hali ni kali zaidi, na magazini mara nyingi si tatizo la kwanza. Uingereza ilifunga karibu bastola zote mwaka 1997, baada ya mauaji ya watoto shuleni Dunblane, na walengaji wa vitendo wakahamia kwenye bunduki ndefu. Australia tangu 2003 inaruhusu risasi 10. Kanada nayo ina kikomo cha 10 kwa bastola, na tangu Oktoba 2022 imesimamisha uuzaji na uhamishaji wa bastola kati ya raia. Msamaha upo kwa walengaji wa michezo iliyo kwenye ratiba ya Olimpiki. IPSC haimo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2017, uliweka 20 kwa bastola, lakini ukaziachia nchi wanachama nafasi ya kuwaruhusu wanamichezo waliothibitishwa.

Hadi kanuni zibadilike, anayeweza kufanya jambo la maana ni mbunifu wa kituo. USPSA tayari inakataza kituo kirefu kumdai mshindani zaidi ya risasi nane kutoka mahali pamoja. Mbunifu akizipanga shabaha za risasi nane kamili katika kila sehemu, kisha akaacha hatua tano au sita za kukimbia kati ya sehemu na sehemu, mwenye magazini ya 10 hubadilisha akiwa njiani, wakati ambao miguu ingeutumia hata hivyo, na faida ya mwenye 20 hupungua sana. Akizibana shabaha sehemu mbili karibu kiasi cha kugeuka tu, mwenye 10 husimama, hubadilisha, na sekunde yake imekwenda. Mlengaji anayesafiri na magazini ndogo autazame mchoro wa kituo kabla ya kulipa kiingilio.