Kalamu Kabla ya Bastola: Maandalizi ya Chuo cha Polisi katika Vyuo vya Jamii vya California

Anapotajwa kurutu wa polisi, wengi huwazia gwaride, mbio za alfajiri na shabaha. Ni nadra mtu kumwazia akiwa ameinamia karatasi, akitafuta neno linalokosekana katika sentensi. Hata hivyo, katika jimbo la California nchini Marekani, lugha ni miongoni mwa vizingiti vya mwanzo ambavyo kurutu hana budi kuvivuka. Makala haya yanafafanua jinsi vyuo vya jamii vya jimbo hilo vinavyowaandaa vijana kwa mafunzo ya upolisi, na nafasi ya lugha katika maandalizi hayo.

Vyuo vya jamii ni vyuo vya umma vya masomo ya miaka miwili, vyenye karo nafuu. California inavyo zaidi ya 100, na baadhi yavyo, kama vile Rio Hondo, Golden West na Santa Rosa, vinaendesha vyuo vya polisi chini ya mwavuli wavyo. Mafunzo yanasimamiwa na tume ya jimbo iliyoundwa mwaka 1959, ijulikanayo kwa ufupi kama POST. Tume hiyo inadai kozi ya msingi isiyopungua saa 664. Kurutu anaweza kuajiriwa kwanza na idara ya polisi kisha akapelekwa mafunzoni, au akajilipia mwenyewe na kutafuta kazi baadaye. Huyu wa pili ndiye anayehitaji maandalizi zaidi, kwa kuwa hana mwajiri wa kumshika mkono.

Umri nao umeongeza umuhimu wa maandalizi hayo. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2021 ilipandisha umri wa chini wa kuajiriwa kuwa afisa kutoka miaka 18 hadi 21. Sheria hiyo hiyo iliagiza vyuo vya jamii vibuni mtaala wa shahada ya upolisi wa kisasa, unaojumuisha saikolojia, mawasiliano, historia, sheria na masomo kuhusu makabila na jamii mbalimbali. Hivyo basi, anayemaliza shule ya upili akiwa na miaka 18 ana miaka mitatu ya kujinoa. Aidha, tangu mwaka 2023 sheria ya jimbo haidai uraia: aliyeruhusiwa kisheria kufanya kazi nchini Marekani anaweza kuomba nafasi. Kwa mhamiaji, akiwemo yule aliyelelewa kwa Kiswahili, mlango umefunguka. Lakini mlango huo una kizingiti cha Kiingereza.

Maandalizi yana pande mbili. Upande wa kwanza ni mwili. Jaribio la nguvu la POST linamtaka kurutu apite njia yenye vikwazo, aburute sanamu lenye uzito wa pauni 165 (takriban kilo 75), apande ukuta na ua wa futi 6, na akimbie yadi 500. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haya hayapatikani kwa mazoezi ya wiki moja.

Upande wa pili ni lugha. Kabla ya kupokelewa, mwombaji hupimwa uwezo wa kusoma na kuandika. Mtihani wa POST unapima tahajia, msamiati, uwazi wa sentensi, ufahamu na mantiki. Sehemu moja ni kifungu chenye mapengo, ambapo vistari huonyesha idadi ya herufi za neno lililoondolewa. Aliyefanya mtihani wa KCPE nchini Kenya kabla haujakomeshwa mwaka 2023 hatashangazwa na zoezi la kujaza mapengo, ingawa hapa hapewi majibu ya kuchagua.

Kwa nini lugha ipewe uzito huo? Jibu limo katika taarifa ya uchunguzi, ambayo ni somo kamili katika kozi ya msingi. Mwendesha mashtaka huisoma taarifa kabla ya kuamua kushtaki, na wakili wa utetezi huichambua neno kwa neno. Ndiyo maana kurutu hufunzwa kujibu maswali ya nani, nini, lini, wapi, vipi na kwa nini, na kutenganisha ukweli na maoni. Kuandika kwamba mshukiwa "alikuwa mkali" ni kutoa hukumu. Kuandika kwamba "alikunja ngumi, akapiga hatua mbili kumwelekea afisa" ni kueleza kilichoonekana, na msomaji akajiamulia mwenyewe.

Kurutu huhimizwa pia kutumia kauli ya kutenda. Mwanafunzi wa sarufi ataelewa sababu: "Kijana alipigwa" ni sentensi sahihi, lakini inamficha mtenda. Viambishi vya nafsi navyo vina mtego wake. Katika sentensi "Juma alimsukuma Ali akaanguka", ni nani aliyeanguka? Darasani huo ni mfano wa utata. Mahakamani unaweza kuwa tofauti kati ya uhuru na kifungo.

Suala hili haliko mbali na Kenya. Matangazo ya kuwaajiri makurutu wa polisi yamekuwa yakidai angalau alama ya D+ katika Kiingereza au Kiswahili, na raia anayepiga ripoti kituoni huandikiwa maelezo yake katika kitabu cha matukio. Mara nyingi husimulia kwa Kiswahili, afisa akaandika kwa Kiingereza. Katika safari hiyo fupi kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi, mtenda anaweza kupotea na jambo lililodhaniwa likaandikwa kana kwamba lilionekana. Mfano wa California unadhihirisha kwamba stadi ya kuandika taarifa inaweza kufunzwa na kupimwa mapema, kabla ya kurutu kukabidhiwa silaha. Wahitimu wa Kiswahili wanayo maarifa ya kuifunza stadi hiyo katika lugha ambayo raia huitumia kueleza yaliyomfika.