Neno "Register" na Visawe Vyake katika Kiswahili

1. Utangulizi

Katika lugha ya Kiingereza, neno "register" ni miongoni mwa maneno yatumikayo sana ofisini, shuleni, mahakamani na katika shughuli za uchaguzi. Mfasiri wa Kiswahili alikutapo hujiwa na visawe vingi kwa pamoja: daftari, orodha, rejista, sajili, andikisha. Baadhi yetu tumezoea kuyachukua maneno haya kuwa ni mamoja, tukachagua lolote linalotangulia kufika ulimini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa si mamoja. Kiingereza kimekusanya katika neno moja mambo manne ambayo Kiswahili huyatenga, nayo ni chombo kinachoandikiwa, yaliyomo ndani yake, tendo la kuandika, na hadhi inayopatikana kwa kuandikwa. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, suala hili limepita mipaka ya darasa.

2. Asili ya maneno

Neno "register" lina asili katika Kilatini "regesta", yaani mambo yaliyorudishwa na kuwekwa pamoja kwa maandishi. Neno letu sajili limetoka katika Kiarabu, ambako "sijill" ni hati au kitabu cha kumbukumbu rasmi. Nalo "sijill" hufuatishwa hadi Kilatini "sigillum", yaani muhuri. Kwa hiyo maneno haya mawili, ambayo leo hukutana katika tafsiri, yalitoka katika lugha moja kwa njia mbili tofauti. Daftari nalo limetufikia kupitia Kiarabu na Kiajemi, na mzizi wake wa mbali ni neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi iliyotengenezwa. Andikisha ni letu wenyewe. Ni kauli ya kusababisha ya andika, kitenzi ambacho bado kina maana ya kupanga vitu mahali pake, kama katika usemi "kuandika meza".

Ni kweli kwamba chimbuko la neno si hoja ya kutosha kuthibitisha maana yake ya leo. Hata hivyo, katika maneno haya alama za kale hazijafutika. Daftari bado ni kitu cha kushikwa mkononi, na sajili bado ina harufu ya muhuri.

3. Mipaka ya matumizi

Njia nyepesi ya kuipima mipaka hii ni kubadilishana maneno katika sentensi. Twasema, "Mwalimu amesahau daftari la mahudhurio nyumbani"; hatuwezi kusema kuwa amesahau usajili nyumbani. Twasema, "Chama hiki kimesajiliwa," tukimaanisha kwamba sheria inakitambua. Tukisema "kimeorodheshwa", tumesema tu kwamba jina lake limo pamoja na majina mengine. Orodha yaweza kuandikwa na yeyote na kubandikwa ukutani, lakini usajili hauna budi kuwa na mwenye mamlaka, ndiyo maana tukawa na Msajili wa Vyama vya Siasa, wala hatuna mworodheshaji wake.

Tofauti iliyo nyeti zaidi ni ile iliyopo baina ya kujiandikisha na kusajiliwa. Kujiandikisha ni tendo la mwananchi mwenyewe: amekwenda mbele ya karani, ametaja jina, ameandikwa. Kusajiliwa ni matokeo yanayotolewa na mamlaka. Kifungu cha 83 cha Katiba ya Kenya kinataja masharti ya mtu kustahili kuwa katika hesabu ya wapiga kura. Tuseme basi kwamba shahidi anasimama mahakamani na kusema, "Nilijiandikisha, lakini jina langu halimo daftarini." Katika Kiswahili sentensi hii haina mgongano wowote. Mkalimani akitumia kitenzi kimoja cha Kiingereza kwa nusu zote mbili, huyo shahidi ataonekana kuwa anajipinga, na huenda akahesabiwa mwongo kwa kosa la tafsiri. Watanzania, kwa kusema "Daftari la Kudumu la Wapiga Kura", wamekichagua chombo chenyewe, na kwa uchaguzi huo tendo na chombo havichanganyiki.

Historia nayo inatupa ushahidi. Chini ya sheria ya kikoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wanaume Waafrika wa Kenya waliokadiriwa kufikia umri wa miaka 16 walilazimishwa kuandikishwa na kubeba hati yenye alama za vidole na habari za kazi zao. Watu hawakuliita jambo hilo kwa jina la daftari wala la usajili. Waliliita kipande, kwa jina la ile sehemu waliyoibeba wao. Daftari lilibaki kwa watawala. Hata leo wako wanaokiita kitambulisho cha taifa kipande.

Wakati mwingine neno huhama. Katika kurasa za michezo, "klabu imesajili mchezaji" imekuja kumaanisha kwamba imempata kwa mkataba, mara nyingi kwa fedha nyingi. Maana hii si ngeni sana kwa Kiswahili, kwani tangu zamani "kuandikwa kazi" ni kuajiriwa.

4. Istilahi ya isimu

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe. T. B. W. Reid alilitumia neno "register" mwaka 1956 kwa maana ya lugha inayobadilika kulingana na matumizi, na Halliday, McIntosh na Strevens wakalieneza katika kitabu chao cha 1964. Shule za Kenya hufunza dhana hii kwa jina la sajili, na za Tanzania kwa jina la rejesta. Maana hii haina daftari wala muhuri ndani yake. Kwa maoni yetu, rejesta ina nafuu, kwa kuwa haimpeleki mwanafunzi kwenye ofisi ya msajili. Lakini neno likishaota mizizi madarasani si rahisi kuling'oa.

5. Hitimisho

Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili ziache kupanga visawe kwa mkato tu. Kila kimoja kifuatwe na sentensi inayoonyesha kama ni chombo, yaliyomo, tendo au hadhi. Pili, sajili ya wanaisimu ipewe kidahizo chake peke yake, mbali na sajili ya makarani. Lugha iliyokwisha kutenga haihitaji kufundishwa kuchanganya.