Mgeni Asiyemwamini Mwenyeji Wake

Seva moja katika majumba ya kompyuta za kukodi hubeba mashine pepe nyingi, ambazo mafundi huziita wageni, kila mgeni akidhani kumbukumbu anayoiona ni yake peke yake, ilhali ni programu mwenyeji inayowagawia kurasa, aghalabu za baiti 4,096. Na mgeni akigusa ukurasa usiokuwapo, prosesa humsimamisha kwa ishara iitwayo hitilafu, mwenyeji akauleta, naye akaendelea pasi na kujua kuwa alisimamishwa.

Utaratibu huo ulitosha maadamu mwenyeji aliaminiwa. Kwa ajili ya wenye amana nzito, mathalani benki na hospitali, AMD ilitoa mwaka 2017 prosesa za EPYC zenye kuifumba kumbukumbu ya kila mgeni kwa ufunguo wake. Lakini mwenyeji, japo hakuweza tena kuisoma, alibaki na mamlaka ya kupanga kurasa, na mwaka 2018 watafiti wa Fraunhofer AISEC, Ujerumani, wakadhihirisha kuwa mwenyeji mwenye hila aweza kuupindua mpango huo hata mgeni, akidhani anampelekea mteja ukurasa wa tovuti, akatoa siri zake mwenyewe zikiwa wazi. Ndipo teknolojia za ulinzi za prosesa, SEV-SNP ya AMD na TDX ya Intel, zikaweka sharti kwamba ukurasa wa siri hautumiki mpaka mgeni mwenyewe aukubali.

Hitilafu nazo zikabadilika tabia. Mgeni anapoandikia kifaa, mwenyeji wa kawaida angeisoma amri yake na rejista zake akajua linalotakiwa. Katika TDX mlango huo umefungwa, basi prosesa humrudishia mgeni hitilafu, naye huichambua amri yake mwenyewe, kisha humtajia mwenyeji anwani, ukubwa na thamani, wala hazidishi neno.

Ukurasa wa siri ukiondolewa kwa hiana na mwingine kuwekwa mahali pake, mambo ni mengine, kwani mwenyeji angeweza kuchagua saa mbaya kabisa ya kumshtua mgeni, pale ambapo kiini cha mfumo kimeanza kuitikia ombi la programu na bado hakijashika steki yake. Kwa hiyo Linux, inapoanza ndani ya TDX, hutaka dhamana kwamba hitilafu ya ukurasa kama huo haitaletwa kwake, na isipoipata hukataa kuendelea, isipokuwa katika mashine za uchunguzi. Hitilafu humwendea mwenyeji, asiyeweza kuukubali ukurasa kwa niaba ya mgeni, na mashine hufa. Hukumu hiyo yaonekana kali, lakini naiona ya busara, maana mgeni aliyekwisha kunyang'anywa kumbukumbu yake hana tena cha kutegemea katika hesabu zake. Kumzima mgeni, mwenyeji angali aweza saa yoyote, na watengenezaji wa prosesa hawakujaribu hata kumzuia.