Je, Wajua? Kifaa cha Kutoboa Ukoka

Je, wajua kwamba kutoboa ukoka kwa ncha za msumari kunaweza kuushindilia zaidi udongo unaotaka ulegee? Kwenye udongo wa mfinyanzi, ncha husukuma udongo pembeni na kuta za tundu hukazana. Afadhali meno yenye uwazi kama bomba: hung'oa vipande vya udongo, sentimita 5 hadi 10 kwenda chini, na kuacha nafasi halisi ya hewa, maji na mizizi. Vipande viache juu ya nyasi, mvua itavivunja.

Wakulima wa Babati wanaijua vizuri shida ya udongo kushindiliwa. Majembe ya sahani ya trekta yalijenga tabaka gumu chini ya mashamba, ikabidi lipasuliwe kwa majembe ya kuchana, ya trekta au ya kukokotwa na maksai.

Kwa ua wa nyumbani Maisaka, mjini Babati, kama udongo ni wa kichanga, uma wa bustani unatosha kabisa. Kwanza chomeka bisibisi: ikizama kirahisi, usitoboe. Kazi ifanyike masika yanapoanza, mwezi Machi, udongo ukiwa na unyevu lakini haunati, maana ukoka wakati huo hukua kwa kasi na kujitibu haraka.