Gitega Kabla ya Njia ya Muyinga

Msafiri anayekusudia kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980 na ambayo sehemu yake imo katika eneo la Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, hufaidika sana akikaa kwanza siku mbili tatu Gitega. Mji huo, ambao Wajerumani waliufanya makao ya utawala wao mwaka 1912 na ambao tangu mwaka 2019 ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi, ndio unaomfundisha mgeni namna ya kuwa mgeni miongoni mwa Warundi. Makumbusho ya Taifa yaliyomo humo, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ni madogo, na asubuhi moja yatosha kuyatazama.

Kinachostahili siku nzima ni kilima cha Gishora, kilichoko kilomita chache kaskazini mwa mji, ambako Mwezi Gisabo, mwami (yaani mfalme) aliyefariki mwaka 1908, alijenga makao baada ya kumshinda chifu Ntibirangwa aliyemwasi. Hapo hutunzwa ngoma mbili tukufu, Ruciteme na Murimirwa, jina la kwanza likimtaja yule ambaye watu humfyekea msitu na la pili yule ambaye watu humlimia shamba. Katika Kirundi neno ingoma ni chombo kinachopigwa na ni ufalme wenyewe pia, kwa hiyo zamani haikupigwa kwa burudani tu, bali ilitangaza kutawazwa kwa mwami na mazishi yake, na ikapamba umuganuro, sherehe ya kila mwaka ambayo kwayo mwami aliubariki upanzi wa mtama.

Ngoma hiyo huchongwa katika gogo la umuvugangoma, mti ambao jina lake lina maana ya kuifanya ngoma iseme, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe inayokazwa kwa vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuizunguka. Vigingi hivyo huitwa amabere, yaani matiti ya mama. Ngozi huitwa icahi, kama ngozi ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni. Na ukanda unaozunguka juu huitwa urugori, kama taji la mwanamke aliyezaa. Ngoma ya Kirundi, kwa maneno mengine, ni mwili wa mama, na kwa sababu hiyo ni vigumu kutohuzunika kwamba amri ya rais ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kuipiga, hata kama desturi ya kale nayo iliwaachia wanaume wa koo maalumu kazi hiyo, ambayo wana walirithi kutoka kwa baba zao. UNESCO iliuingiza mchezo huu wa ngoma za kifalme katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014.

Anayeondoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga akiwa amekwisha kuyaona hayo huielewa upesi salamu ya Amashyo, ambayo humtakia mtu makundi ya ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe aliyeitolea ngoma ngozi ndiye pia kipimo cha heri ya kaya. Muyinga, hata hivyo, iko karibu na mpaka wa Kobero unaoelekea Ngara nchini Tanzania, ina Waislamu wengi, na Kiswahili husikika sokoni bila mtu kushangaa. Nyumba nyingi za vilimani humkaribisha mgeni kwa impeke, pombe ya mtama uleule uliobarikiwa na mwami, inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, wenyeji na mgeni wakiinama pamoja. Lakini katika nyumba ya Mwislamu chungu hicho hakiletwi, na badala yake huletwa chai.