Lango la Shamba Juu ya Palio la Ng'ombe: Sheria ya Nchi na Dhamiri ya Mkristo



Pamba ikishavunwa na mabua ya mtama yakabaki makavu mashambani, si jambo geni katika vijiji vya kata ya Ipililo, na katika kata nyingine za wilaya ya Maswa, kuzuka shauri la lango. Mtu ameizungushia ardhi yake uzio, ameweka lango na kufuli, na lango hilo limesimama mahali ambapo ng'ombe wa majirani walipita tangu enzi za babu zao kwenda lamboni. Mwenye shamba husema kwamba ardhi ni yake. Mwenye ng'ombe husema kwamba njia ni ya wote. Na kwa kuwa mara nyingi wote wawili husali katika Jumuiya moja Ndogo Ndogo ya Kikristo, shauri hufika kwa katekista na kwa paroko kabla halijafika kwa Mtendaji wa Kijiji.

Sisi mapadre si mahakimu wa ardhi, wala si vema tujifanye hivyo. Lakini hatuwezi kumwambia mwamini apatane na ndugu yake kabla ya kuja altareni, kisha tukakaa kimya anapotuuliza ni kipi hasa alichokosa. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza hapa, kadiri tuwezavyo, mambo ambayo mtu anapaswa kuyapitia kabla hajachimba shimo la nguzo ya kwanza.

Yatupasa kuanza na ardhi yenyewe, kwa maana mtu asitafute sheria ya malango. Kinachotawala ni ardhi ambayo lango linasimama juu yake. Sehemu kubwa ya ardhi tunamoishi ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji huisimamia ardhi hiyo kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, wala si kama mmiliki. Ndani yake sheria inatambua ardhi ya jumuiya, yaani ile inayotumiwa na wanakijiji wote, ardhi iliyo mikononi mwa mtu, familia au kikundi, na ardhi ya akiba kwa ajili ya baadaye. Aliye na hati ya hakimiliki ya kimila ana haki halisi inayolindwa na sheria. Watu wasimdharau kwa sababu hati yake imeandikwa kijijini na haikutoka Dodoma. Hata hivyo hati hiyo humpa eneo lililopimwa na kuonyeshwa mipaka yake. Palio la ng'ombe linalopita pembeni ya eneo hilo, au lililoachwa wazi kati ya mashamba mawili, halimo katika hati.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huhesabu uzito wa nguzo, huchagua mabati na rangi, na hawaendi kuitazama ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Pale ambapo mpango huo umekwisha kuandaliwa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 na kupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ramani huonyesha wazi makazi, mashamba, malisho, vyanzo vya maji, mapalio na maeneo ya hifadhi. Pale ambapo haujaandaliwa, ushahidi hubaki vichwani mwa wazee, nao wazee hawakai milele. Tunawasihi viongozi wetu wa vigango ambao pia ni wajumbe wa serikali za vijiji walifikirie jambo hili kwa uzito.

Kuhusu maeneo ya hifadhi, yafaa tukae kidogo, kwa maana katika nchi ya Wasukuma neno hili lina historia ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Mnamo miaka ya 1920 na iliyofuata, misitu mikubwa ilifyekwa kwa amri ya serikali ya kikoloni ili kuangamiza mbung'o. Kilimo cha pamba kikapanuka, ng'ombe wakaongezeka, kisha watu wakahamishiwa katika vijiji katika miaka ya 1970, wakiyaacha maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulizijumuisha Maswa, Bariadi na Meatu hadi mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Kilichoufanya ufaulu ni kwamba haukuja na mti wa kigeni tu. Uliwarudisha watu kwenye ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vipumzike na kuota, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi pale ambapo nje hakuna tena cha kula. Zipo ngitili za familia na zipo za kijiji. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi; ulipofika mwisho mwanzoni mwa miaka ya 2000, maeneo yaliyorudishiwa uoto yalipita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Dagashida, yaani baraza la wananchi, ndilo lililoweka masharti, sungusungu wakalinda, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa mchenya. Laudato Si', waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko kuhusu utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, ulitolewa mwaka 2015. Wazee wetu walikuwa wameshaanza.

Basi, mtu anayetaka kuweka lango jipya na barabara ya kuingilia shambani kwa kukata ndani ya ngitili ya kijiji, hata kama ni upana wa trekta moja tu, anaomba jambo kubwa kuliko anavyodhani. Hiyo ni ardhi ya jumuiya. Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kumruhusu kwa maneno barazani pake, wala Mtendaji kwa muhuri wake peke yake. Jambo lapaswa kupelekwa kwenye Halmashauri ya Kijiji, na kwa kuwa linabadili matumizi ya ardhi ya wote, lifike kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa kawaida hukaa kila miezi mitatu. Kama ngitili hiyo imetengwa kuwa msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, kuna pia kamati yake ya maliasili, mpango wake wa usimamizi na sheria zake ndogo. Hata nguzo zenyewe, zikitoka msituni, zahitaji kibali cha kuvuna. Tumeona malango mazuri yaliyojengwa kwa miti ambayo mwenyewe hathubutu kusema ilitoka wapi.

Lango linalotokea barabarani lina mashauri yake. Kwa barabara kuu na za mkoa, zinazosimamiwa na TANROADS, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara; kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa mita 22.5, na ndiyo maana wengine hushangaa kuona nyumba ya baba yao imeingia ndani ya hifadhi bila kusogea. Barabara za wilaya na za vijijini zi chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Asijenge mtu kitu chochote ndani ya hifadhi ya barabara, wala asifukie mtaro ili kupitisha gari shambani, bila idhini ya maandishi ya mamlaka husika. Mtaro uliofukiwa kwa ajili ya lango la mmoja humwaga maji ya mvua katika shamba la mwingine. Vivyo hivyo kwa maji: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Lango la zege kando ya lambo ni ujenzi wa kudumu, hata kama ndani yake kuna bustani ya nyanya tu.

Huenda msomaji akauliza kuhusu Pori la Akiba la Maswa. Jina lisimpotoshe, hilo lina sheria zake za wanyamapori na mamlaka yake, na hakuna Halmashauri ya Kijiji inayoweza kutoa ruhusa ya lango ndani yake.

Linabaki lango la mtu ndani ya mipaka yake halali, lisilogusa palio, ngitili, maji wala barabara. Hilo ni haki yake, na jirani asilione kuwa ni kiburi. Ng'ombe wanaoingia katika pamba ya mjane usiku si desturi, ni wizi. Mila ya kuwaachia wafugaji mabua baada ya mavuno ni njema, lakini ni ukarimu wa mwenye shamba, na ukarimu hauombwi kwa kukata waya. Hata hapa tunashauri apeleke taarifa ya maandishi kijijini, aite majirani wa pande zote, watembee pamoja juu ya mpaka, na muhtasari uandikwe na kutunzwa katika Masjala ya Ardhi ya Kijiji. Mke wake awepo pia, na jina lake liandikwe. Sheria ya 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi. Tunalisema hili kwa sababu malango mengine huwekwa baada ya matanga, na ufunguo huishia mfukoni mwa shemeji.

Wala Kanisa halijitoi katika masharti haya. Parokia na vigango vina mashamba, na mara nyingine paroko mpya hufika na wazo la uzio. Kanuni ya 1284 ya Sheria ya Kanisa inawadai wasimamizi wa mali ya Kanisa bidii ya baba mwema wa familia. Nayo inawataka kulinda umiliki kwa njia zinazokubalika na sheria za nchi, na kuangalia Kanisa lisipate hasara kwa kutozitii. Matendo yanayozidi usimamizi wa kawaida yanahitaji idhini ya maandishi ya askofu, kadiri ya kanuni ya 1281. Halmashauri ya Walei isikubali kuchangisha fedha ya lango la kigango kabla haijaona karatasi hizo. Na kama watu walikuwa wakikatiza kiwanja cha kanisa kwenda kisimani, paroko asiifunge njia hiyo kabla hajakaa nao, wakiwemo wasio Wakatoliki.

Ugomvi ukiwa umekwisha kutokea, pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Asiyeridhika huenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 linasuluhisha tu na halitoi tena hukumu. Lina siku 30, na likishindwa huthibitisha hivyo ili shauri lifunguliwe katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuvunja lango la mtu usiku hakumo katika ngazi hizo. Aliyevunja huja kuwa mshtakiwa katika shauri ambalo pengine angelishinda.

Kuhusu dhamiri, Maandiko yanasema wazi kuliko tulivyozoea kuhubiri. Kumbukumbu la Sheria 19:14 inakataza kusogeza mpaka wa jirani uliowekwa na waliotangulia, na katika sura ya 27:17 atendaye hivyo analaaniwa mbele ya taifa zima, nalo linaitikia Amina. Walawi 25:23 inatukumbusha kwamba ardhi ni ya Mungu, nasi tu wageni juu yake. Nabii Isaya, katika sura ya 5, anawalilia wanaounganisha shamba kwa shamba hadi wengine wakose mahali pa kukaa. Mafundisho ya Kanisa huheshimu mali ya mtu binafsi, na palepale hufundisha kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa watu wote. Katekisimu inaliweka hilo katika namba 2402 na 2403, chini ya amri isemayo tusiibe. Aliyefunga njia ya wote kwenda majini amechukua kitu cha wengine, na katika kitubio maneno ya majuto pekee hayamtoshi, kwa sababu kilichochukuliwa hurudishwa.

Tunapenda kuwaelekeza kwenye Mwanzo sura ya 26. Wachungaji wa Gerari waligombana na wa Isaka juu ya kisima, naye akachimba kingine; wakagombania na hicho, akasogea akachimba cha tatu, ambacho hawakukigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa nafasi imepatikana. Isaka alikuwa tajiri na mwenye nguvu, na angeweza kupigana.

Kwa wale ambao lango lao limekwisha simama juu ya palio, muda haujapita. Nenda kijijini kabla hujaitwa. Omba Halmashauri ije ipime, na upana wa njia ukubaliwe kwa hatua mbele ya wafugaji wenyewe, maana wao ndio wajuao kundi la ng'ombe mia linahitaji nafasi gani likiwa na kiu. Nguzo mbili zikisogezwa mita chache ndani, lango hubaki, shamba hubaki, na ng'ombe hupita. Kazi hiyo yafaa ifanywe mwezi wa sita, kabla malambo hayajaanza kukauka.