Je, Wajua? Mzazi Huhama Mara Moja, Mtoto Huulizwa Kila Siku

Anayehama nchi anajua alikotoka na alichofuata. Mwanawe hakuichagua safari hiyo, lakini ndiye atakayeulizwa "kwenu hasa ni wapi?" shuleni, kituoni na kazini, pengine hadi uzeeni. Haya hapa mambo kadhaa kuhusu watoto hao. Msomaji asishangae akiwakuta wengi Kwale, Nairobi na Mji Mkongwe. Afrika Mashariki imewatoa wahamiaji na imewalea watoto wa wahamiaji.

Freddie Mercury alianza kuwa mtoto wa wahamiaji Zanzibar

Jina la kuzaliwa la mwimbaji huyo ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake wakiwa Waparsi kutoka Gujarat, India. Baba yake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni. Alipofika umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko wenzake ndio waliozoea kumwita Freddie. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia ilihamia Feltham, pembezoni mwa London. Kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa ameishi nchi tatu, na hakuna hata moja ambayo wazazi wake wangeweza kumwambia kwamba wote wawili wamezaliwa hapo na yeye kazaliwa hapo.

Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa na wazazi waliozaliwa Kenya na Tanganyika

Rishi Sunak alizaliwa Southampton mwaka 1980. Baba yake, daktari, ni mzaliwa wa Kenya. Mama yake, mfamasia, ni mzaliwa wa Tanganyika. Babu na bibi zake walikuwa na asili ya Punjab. Watafiti huwaita watu kama hao wahamiaji wa mara mbili: India hadi Afrika Mashariki, kisha Afrika Mashariki hadi Uingereza. Familia nyingi za namna hiyo zilifika Uingereza zikiwa tayari na uzoefu wa kuanza upya ugenini, kuendesha duka na kuishi baina ya lugha kadhaa. Sunak aliingia ofisini Oktoba 2022.

Honolulu inakupa Ikulu, Kampala inakunyima

Barack Obama alizaliwa Honolulu mwaka 1961. Baba yake, mtu wa Kogelo, Siaya, alikuwa mwanafunzi aliyefika chuoni huko mwaka 1959. Zohran Mamdani, aliyechaguliwa kuwa meya wa New York Novemba 2025, alizaliwa Kampala mwaka 1991. Baba yake ni Profesa Mahmood Mamdani, mama yake ni mwongozaji filamu Mira Nair, na jina lake la kati, Kwame, ni la heshima kwa Nkrumah. Aliingia Marekani akiwa na miaka saba na akapata uraia mwaka 2018. Katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa. Kwa hiyo mwana wa Mjaluo aliweza kuwa rais, ilhali meya wa jiji kubwa kuliko yote nchini humo hawezi hata kuchukua fomu.

Uraia wa kuzaliwa Marekani ulipiganiwa na mtoto wa Wachina

Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco mwaka 1873, wazazi wake wakiwa Wachina. Aliporudi kutoka safari ya China mwaka 1895, maofisa walimzuia bandarini wakidai si raia. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ni raia, kwa sababu Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanawahusu wote wanaozaliwa katika ardhi ya nchi hiyo na walio chini ya sheria zake. Uingereza ilienda njia nyingine: tangu tarehe 1 Januari 1983 kuzaliwa nchini humo peke yake hakumpi mtoto uraia.

Mjukuu wa Sultani alikuwa ofisa wa jeshi la Ujerumani

Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mume alifariki mwaka 1870 baada ya ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo mama mwenyewe alikuwa bado anajifunza mambo yake. Binti mkubwa, Antonie, alikuja kuishi visiwa vya Marshall katika Pasifiki na kuandika kitabu cha mapishi kwa Wajerumani wa nchi za joto. Mwana, Rudolph, alikuwa ofisa wa jeshi, na baadaye aliandika maisha ya babu yake, Sultani Said, katika kitabu kilichotoka mwaka 1929. Huyo alikuwa akimtafuta babu ambaye hakumwona: Sayyid Said alifariki mwaka 1856, miaka 13 kabla Rudolph hajazaliwa.

Kijana wa Kipunjabi alidai uhuru wetu kabla ya wengi

Makhan Singh aliletwa Nairobi mwaka 1927, akiwa na miaka 13, kumfuata baba yake. Alikua akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, akatoa hoja ya uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa. Aliachiwa Oktoba 1961.

Kifungua mimba hubaki na jina la nyumbani, kitinda mimba hupewa la ugenini

Wachumi Ran Abramitzky, Leah Boustan na Katherine Eriksson walipekua sensa za zamani za Marekani wakaona jambo ambalo kila familia ya ughaibuni inalijua bila sensa: kadiri wazazi wanavyokaa, ndivyo majina ya watoto yanavyozidi kufanana na ya wenyeji. Walilinganisha hata ndugu wa tumbo moja. Mwenye jina la kigeni zaidi, alipokua, kwa wastani alipata kipato kidogo kuliko ndugu yake.

Mtoto wa miaka kumi na moja ndiye mkalimani wa familia

Tazama dirisha la kliniki katika mji wowote wa Marekani uliopokea wakimbizi wa Kongo. Mama anasema Kiswahili cha Bukavu, nesi anasema Kiingereza, na katikati amesimama mvulana mwenye begi la shule. Mama akisema moyo unamwenda mbio usiku, mtoto anafasiri vizuri. Akiulizwa kuhusu hedhi, mama anainamisha uso, anasema "mwambie niko sawa," na mtoto anapeleka hilo hilo. Daktari anaandika kwamba hakuna tatizo. Ndiyo sababu kanuni za afya za Marekani za mwaka 2016 zilizikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa penye dharura.

Kazi hiyo, hata hivyo, ina darasa lake. Mtoto anayesoma barua ya mwenye nyumba, bili ya umeme na fomu ya kodi anaijua serikali kabla wenzake hawajajua kuna serikali. Ilhan Omar, aliyeishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utanga, Mombasa, alifika Marekani mwaka 1995. Alipokuwa msichana alimsindikiza babu yake kwenye mikutano ya chama cha siasa huko Minneapolis ili amfasirie. Mwaka 2018 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bunge la Marekani.

Anasikia, lakini hasemi

Simu ya Jumapili kwa bibi Tanga huwa hivi: "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" "Sijambo." Kisha kimya, na simu inarudishwa kwa mama. Mtoto huyo anaelewa karibu kila neno linalosemwa jikoni, ila majibu yake yote hutoka kwa Kiingereza. Wataalamu wa lugha wanalijua jambo hili, na wanajua pia kwamba mara nyingi kifungua mimba huongea lugha ya nyumbani vizuri kuliko wadogo zake. Sababu ni rahisi: wa kwanza alilelewa na wazazi peke yao, wa tatu amelelewa na kaka na dada wanaorudi na Kiingereza kutoka shuleni. Kwa kawaida, kufikia wajukuu lugha ya babu imebaki kwenye salamu na majina ya vyakula. Mzazi anayetaka wa tatu naye aseme hana budi kuwadai wakubwa wamsemeshe mdogo wao Kiswahili, maana ndio walimu wake.

Lupita alirudishwa Mexico kujifunza lugha ya jina lake

Mwigizaji Lupita Nyong'o alizaliwa jijini Mexico mwaka 1983, wakati baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa uhamishoni. Lupita ni kifupi cha Guadalupe, jina lililojaa kila mtaa huko. Familia ilirejea Kenya akiwa bado mchanga, na alipofika miaka 16 wazazi walimpeleka tena Mexico akajifunze Kihispania. Wengi hupeleka watoto kwao likizo. Hawa walimpeleka ugenini alikozaliwa.

Zaidi ya nusu ya kikosi cha Morocco walizaliwa nje

Morocco ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, ya kwanza kwa timu ya Afrika, wachezaji 14 kati ya 26 walikuwa wamezaliwa nje ya nchi hiyo. Achraf Hakimi alizaliwa Madrid, Hakim Ziyech Uholanzi. Mkondo mwingine ukatoka kwetu: Divock Origi, mwana wa mchezaji wa zamani wa Harambee Stars, Mike Okoth, alizaliwa Ostend na kuichezea Ubelgiji. Awer Mabil, aliyezaliwa kambini Kakuma kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, alifunga mmoja wa mikwaju ya penalti iliyoipeleka Australia kwenye Kombe hilo la 2022.

Baba ni mhandisi, anaendesha teksi

Abramitzky na Boustan, pamoja na wenzao, walifuatilia mamilioni ya baba na wana wao kwa zaidi ya karne moja. Wakaona kwamba watoto wa wahamiaji maskini, kutoka karibu kila nchi, hupanda juu kiuchumi kuliko watoto wa wenyeji waliozaliwa katika kipato kile kile. Bidii ipo, lakini wao wanataja sababu nyingine mbili. Wahamiaji huenda kukaa palipo na kazi, kwa kuwa hawana shamba la ukoo la kuwazuia. Pia kipato cha baba huficha ujuzi wake: cheti chake hakikutambuliwa, lakini mwana analelewa na mhandisi, si na dereva.

Uamuzi wa kwanza wa haki za watoto wa Afrika ulihusu Wanubi wa Kibra

Wanubi wa Kenya ni kizazi cha askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza na kupewa makazi Kibra mwanzoni mwa karne ya 20. Miaka mia baadaye, kijana wa Kinubi aliyefika miaka 18 alikuwa bado anapigwa msasa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, akitakiwa kuleta hata vyeti vya babu. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa, ikasema Kenya imewanyima watoto hao haki ya uraia tangu kuzaliwa.

Wamakonde walitembea hadi wakawa kabila la 43

Wamakonde wa Kwale ni wana na wajukuu wa watu waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Waliozaliwa Kenya, wakazeeka Kenya, hawakuwa na kipande, yaani kitambulisho. Bila kipande hakuna akaunti ya benki wala laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hata pesa za kinyago ulichochonga zinaingia kwa simu ya mtu mwingine. Oktoba 2016 walianza kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Miezi michache baadaye, mwaka 2017, wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Katikati ya mwaka huo huo Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44.

Tanzania iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 162,000

Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2007 serikali iliwataka wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia. Takriban wanane kati ya kila kumi walichagua Tanzania. Sababu haikuwa siri: wengi walikuwa wamezaliwa humo humo makazini, na Burundi walikuwa hawajawahi kuiona. Ugawaji wa vyeti ulianza mwaka 2014.

Sheria za kujua kabla mwanao hajafika 18

Kwa Kenya, Katiba ya 2010 inamfanya mtoto kuwa raia wa kuzaliwa ikiwa mama au baba ni Mkenya, popote alipozaliwa, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. Mtoto anayeokotwa nchini akionekana hajafika miaka minane, na wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa kuwa raia.

Tanzania ni tofauti. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania ni raia wa kurithi. Lakini naye akizaa nje, urithi huo hauendelei. Mtoto anaweza kushika pasi mbili hadi miaka 18, kisha lazima aukane uraia mmoja, na asipoukana ule wa kigeni, wa Tanzania humtoka. Mzazi anaweza kumwandikisha, kumfunza Kiswahili na kumleta likizo. Kuhama kulikuwa uamuzi wa mzazi. Uamuzi huu wa uraia sheria inampa mtoto.